Sikugeuza Bati

Ukucha ndio uliogundua kwanza. Nilikuwa nimelishika bati dhidi ya mwanga wa dirisha, likang'aa safi, nikataka kuliweka kando. Halafu nikapitisha kidole juu yake, kwa mazoea tu, na ukucha ukanasa. Nikarudia. Ukanasa tena palepale. Nikaliinamisha bati taratibu mpaka mwanga ukaja kwa ubavu, ukawa kama umelala juu yake, ndipo kikaonekana: kipele kimoja, kidogo kuliko kichwa cha pini, na kivuli chake kifupi kando.

Vipande vilikuwa sita, kila kimoja ukubwa wa kiganja. Mteja anayepaka bati rangi ndiye aliyeurudisha mzigo. Bati likiwa tupu hakuna aliyeona kitu. Rangi ya kung'aa ilipokauka, vipele vikajitokeza kama harara kwenye ngozi ya mtoto, na bati la namna hiyo halichukuliwi.

Kazi yangu ni hiyo: kutafuta kasoro ya bati imetoka wapi. Siku nne baadaye ripoti ilikuwa tayari. Ilikuwa na picha kali za hadubini, vipimo, na hitimisho lisilo na "huenda" hata moja.

Hitimisho lilikuwa la uongo.

Nimekaa na jambo hili wiki nyingi, na kila nikidhani limepoa linanirudia nikiwa nimelala. Basi na niliandike.

## Nilimtambua mtu kwa mgongo

Anayefanya kazi na bati lililopakwa zinki anawajua wakorofi wa kila siku. Mmoja wao huzaliwa ndani ya tangi lenyewe. Zinki inakaa imeyeyuka kwenye joto la nyuzi 460 hivi, na ndani yake kuna alumini kidogo sana, chini ya asilimia moja, ya kuufanya mpako ushike vizuri na usipasuke bati likikunjwa. Utepe wa chuma, yaani bati refu ambalo bado halijakatwa, ukipita humo, chuma kidogo huyeyuka na kubaki nyuma. Kikikutana na alumini huzaa chembe ngumu. Nyingine ni nyepesi kuliko zinki, huelea juu na kufanya utando. Nyingine, zenye chuma na zinki, hutulia chini kama mashapo. Chembe ikidandia utepe unaotoka, zinki huifunika, na kipele kimezaliwa.

Nimeviona vipele hivyo mara nyingi. Kwa hiyo nilipoona hiki sikuuliza ni nini. Nilikitambua, kama unavyomtambua mtu kwa mgongo njiani, ukamwita kwa jina, akageuka, kumbe siye.

Kipande cha kwanza nilikiweka kwenye hadubini ya elektroni. Chembe ilikuwepo. Mashine ikasoma chuma na alumini, vimezungukwa na zinki. Nilifurahi, sikatai.

Vipande vitatu nikavitia kwenye asidi ya haidrokloriki iliyochanganywa na dawa ya kuizuia isile chuma. Lengo ni kuivua zinki ili uone chuma kilicho chini. Mapovu huanza kwa fujo, maji yanachemka bila moto, halafu ghafla yanakoma. Yakikoma ujue zinki imekwisha. Ukikitoa kipande na kukisuuza, unakuta chuma cha kijivu, kimepooza, hakina mng'ao wowote.

Nikaviweka chini ya taa iliyoning'inia juu ya meza. Sikuona kitu. Nikaandika: "Uso wa chuma ni safi."

Taa ilikuwa juu moja kwa moja. Bati lilelile nililokuwa nimelazimika kuliinamisha dirishani ndipo kipele kionekane, sasa nililitazama kwa mwanga usioweza kuonyesha hata kilima cha mikroni 15, yaani sehemu 15 za elfu za milimita. Nilijua hilo kwa mkono wangu siku ya kwanza. Siku ya tatu nilikuwa nimeshalisahau, kwa sababu jibu nilikuwa nalo mfukoni.

Vipande viwili vilivyobaki vikaingia kwenye droo.

## Wiki tatu za jasho la wengine

Ripoti ikishasainiwa haibaki karatasi. Inashuka chini, inakuwa kazi ya mtu.

Watu wa tangi waliambiwa waondoe utando mara nyingi zaidi. Waliambiwa wasiache joto la zinki lipande na kushuka, maana likishuka chuma kilichoyeyuka hukosa nafasi na chembe huongezeka. Utando huondolewa kwa zana zenye mpini mrefu, umesimama pembeni ya bwawa la zinki iliyoyeyuka, na utepe unapita mbele yako bila kusimama. Joto linakupiga usoni hata ukiwa na kinga. Walifanya hivyo zamu baada ya zamu kwa sababu mimi niliandika sentensi moja.

Baada ya wiki tatu mzigo mwingine ukarudi. Vipele vilevile.

Sehemu inayoniumiza kuliko zote ni hii: wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba hawajafanya vizuri nilichosema. Niliwatilia shaka watu kabla ya kuitilia shaka karatasi yangu. Nilikwenda hadi kuomba rekodi za joto la tangi, nikitafuta siku waliyozembea. Mstari wa joto ulikuwa umenyooka kuliko nilivyowahi kuuona.

## "Umepima umbali?"

Kuna mzee mmoja pale, fundi wa rola, amebakiza muda mfupi astaafu. Alipita kuchukua vipimo vyake vingine akanikuta nimeinama juu ya picha.

"Umepima umbali?" akaniuliza.

"Umbali upi, Mzee?"

"Kutoka kipele hadi kipele."

Nikamwonyesha vipande. Kila kimoja kilikuwa na kipele kimoja, tena karibu katikati. Akavitazama, akanitazama.

"Nani alikata?"

Sikuwa nimewahi kujiuliza. Mtu fulani kwa mteja alikuwa ameona kipele, akakizungushia kalamu, akakata. Halafu kingine, akakata. Alifanya hivyo kwa nia njema ili anirahisishie kazi, na kwa kufanya hivyo alitupa kitu pekee ambacho ningekihitaji kuliko picha zote: nafasi kati ya kimoja na kingine. Nami nikavipokea hivyo vipande kana kwamba bati huzaliwa likiwa na ukubwa wa kiganja.

Mzee akachukua kipande kimojawapo cha vile vya kwenye droo. Akakigeuza. Akapitisha kidole gumba upande wa chini, polepole, huku macho yake yakiangalia pembeni kama mtu anayesikiliza.

"Mwanangu, hapa kuna shimo."

Sikuwa nimeligeuza bati. Siku nne za kazi, na hata mara moja sikuligeuza.

## Mita nane sakafuni

Tuliomba koili, bati lililoviringishwa, ambayo haijakatwa, tukakunjua mita nane sakafuni. Hapo unatumia jiwe la kunolea, lile bapa, ukalipitisha juu ya bati kwa mkono mwepesi. Halikwangui kwa nguvu, linagusa tu. Palipoinuka panang'aa, palipobonyea panabaki na weusi wake. Ni kazi ya magoti. Unasugua, unafuta, unainamisha kichwa, unasogea nusu hatua.

Kipele cha kwanza kikang'aa. Nikakiwekea alama ya maka peni. Cha pili. Cha tatu. Cha nne.

Vyote vinne vilikuwa umbali uleule kutoka ukingoni, vimekaa kwenye mstari ambao ungeweza kuupiga kwa kamba. Tukavuta mkanda wa kupimia: milimita 2,533. Kinachofuata, 2,532. Kinachofuata, 2,534.

Chembe za tangi hazina adabu hiyo. Zinatapakaa popote. Kitu kinachogonga mahali pamoja kila baada ya umbali uleule ni kitu kinachozunguka.

Nikadhani kazi imekwisha. Gawanya 2,533 kwa pai, unapata rola yenye kipenyo cha milimita 806. Nikapitia orodha ya rola zote za mtambo mzima, hakuna. Zilizopo za karibu ni za 800, ambazo mzunguko wake ni milimita 2,513. Tofauti ni milimita 20, na kwa mkanda wa kupimia uliotupa majibu yanayopishana kwa milimita moja au mbili, 20 si kosa la mkono. Isitoshe rola zikichakaa husagwa na kupungua. Haziongezeki.

Nililala na hizo milimita 20.

Asubuhi nilikumbuka kile ambacho kila mtu wa mtambo anakijua. Bati likishapoa baada ya zinki, hupitishwa kati ya rola mbili zinazolikandamiza kidogo ili uso ulainike na bati lisije likajikunja vibaya mbele ya safari. Hapo linarefuka. Nikatafuta rekodi ya koili ile: asilimia 0.8. Zidisha 2,513 kwa 1.008.

2,533.

Sijui kama naweza kueleza nilivyojisikia. Namba ile ilikuwa imekuja na historia yake ndani. Ilikuwa inasema: nilipigwa na rola ya 800, na baada ya kupigwa nikavutwa. Maana yake rola yenye kosa ilikuwa kabla ya rola za kukandamiza. Alama ingewekwa na rola za kukandamiza zenyewe, ingerudi kwa mzunguko wao kamili bila nyongeza. (Kwa wanaofikiria joto: ndiyo, rola ya tanuri hupanuka ikiwa moto. Lakini na utepe juu yake umepanuka, kisha unasinyaa ukipoa, na hayo mawili karibu yanafidiana.)

## Rola mbili, na kishawishi

Hapa ndipo nilipojaribiwa.

Rola za milimita 800 zilikuwa sehemu mbili. Nyingi zilikuwa kwenye tanuri, pale utepe unapopashwa moto kabla ya kuingia kwenye zinki. Na moja ilikuwa ndani ya tangi lenyewe, ile ya chini inayougeuza utepe kurudi juu. Chembe za zinki hugandamana kwenye rola hiyo, hilo linajulikana, na zikigandamana hupiga alama kila mzunguko.

Mnaona nilikoelekea. Kama ingekuwa rola ya tangi, ripoti yangu ingepona. Ningeandika ukurasa mmoja wa "ufafanuzi zaidi", kosa lingebaki kuwa la zinki, na mimi ningebaki kuwa mtu aliyekuwa karibu na ukweli tangu mwanzo. Nusu siku nzima nilipanga sentensi za ukurasa huo kichwani.

Kipande cha mwisho cha droo ndicho kilichonizuia. Nilikikata katikati ya kipele, nikakisimamisha kwenye resini, nikakisugua hadi kikang'aa kama kioo, nikakitazama kwa ubavu. Kama ingekuwa chembe ya zinki, chuma chini kingekuwa kimenyooka na uvimbe ungekuwa ndani ya mpako. Nilichokiona ni chuma chenyewe kimeinuka kama mgongo wa kilima, na zinki imepita juu yake kwa unene uleule, kulia na kushoto na kileleni. Zinki haikuongeza kitu. Ilifuata tu njia iliyoikuta.

Upande wa chini kulikuwa na bonde. Na chini kabisa ya bonde, kati ya chuma na zinki, chembe za oksaidi, yaani metali iliyoungana na oksijeni, zimepondwa ndani ya chuma: oksaidi za chuma na manganizi.

Oksaidi iliyo chini ya zinki ilikuwepo kabla ya zinki. Ukurasa wa ufafanuzi ukafa hapo.

Tanuri lina naitrojeni na haidrojeni ndani yake, halifunguliwi ovyo. Tulisubiri mtambo usimame kwa matengenezo. Tayari tulijua uso upi wa utepe umebonyezwa, kwa hiyo nusu ya rola zikatoka kwenye orodha: za juu hugusa uso mmoja, za chini hugusa mwingine. Mzee aliingia na tochi baada ya hewa kuthibitishwa kuwa salama, akapima umbali kutoka ukingoni, akatia mkono. Kwenye rola ya tatu aliyoigusa kulikuwa na kibonge kimoja, kigumu, kimeganda kama kigaga cha kidonda. Vumbi la oksaidi liliangukia pale, likashindiliwa na utepe siku baada ya siku, mpaka likawa sehemu ya rola.

## Nguo nyembamba

Watu huniuliza kwa nini nisianze na zinki wakati ndiyo inayoonekana. Mpako wa gramu 275 kwa mita ya mraba, pande zote mbili zikijumlishwa, ni takriban mikroni 20 kila upande. Unywele ni mnene kuliko hapo. Nguo nyembamba namna hiyo haiufichi mwili, inauchora.

Tadeusz Sendzimir, mhandisi Mpolandi aliyezaliwa Lviv, katika nchi ya leo ya Ukraine, miaka ya 1930 ndiye aliyefanya utepe upite kwenye tanuri lenye haidrojeni na kuzama moja kwa moja kwenye zinki bila kukatika. Tangu hapo usafi wa bati unaamuliwa kwa sehemu kubwa kabla zinki haijaligusa. Mafuta yaliyobaki yakiungulia humo, zinki haitashika na utapata vidoa vitupu. Vyuma vya nguvu vyenye manganizi na silikoni nyingi hutengeneza utando wa oksaidi humohumo tanurini, ingawa hewa ile inatosha kukisafisha chuma cha kawaida, na zinki huviteleza kama maji kwenye jani la mgomba.

Tena kasoro huja na umri wake, ukijua pa kuutazama. Uchafu ulionaswa wakati chuma kinamiminwa hukandamizwa pamoja nacho mara nyingi hadi unakuwa mstari mrefu, mwembamba, uliochanika kingo. Ukikuta sodiamu na kalisi humo, umekutana na poda ya kalibu, unga unaotiwa kwenye kalibu chuma kinapomiminwa, mbali kabisa na tangi. Alama ya rola huja baadaye: ni fupi, na inajirudia. Kutu nyeupe ni mgeni wa mwisho, maji yaliyonaswa kati ya bati na bati baada ya mtambo kumaliza kazi yake yote. Na vidoa vyeusi vya msuguano vinatoka barabarani, mabati yakitikisika yamebanana.

Nimekuwa nikiwafundisha wengine haya. Ndiyo maana inauma.

## Chembe iliyokuwa ya kweli

Kuna kitu bado sijakimaliza. Ile chembe ya kipande cha kwanza haikuwa ndoto. Picha ni ya kweli, chuma na alumini ni vya kweli. Ilikuwa chembe ya tangi, moja kati ya zile chache ambazo hazikosekani hata siku nzuri, na ilitokea kukaa ubavuni mwa kipele. Sikudanganywa na kipimo kibaya. Nilisimamishwa njiani na kitu cha kweli kisichohusika.

Ningeanza na kipande kingine, je? Labda nisingeona chembe, ningelazimika kufikiri. Au labda ningeendelea kutafuta chembe mpaka niipate, maana nilikuwa nimeshaamua kuipata. Nikijipima kwa haki, naona la pili ndilo lingekuwa.

## Tangini

Nilishuka mwenyewe kuwaomba radhi watu wa tangi. Sikutaka iwe barua. Msimamizi wa zamu alinisikiliza hadi mwisho, glavu zikiwa bado mkononi.

"Kaka," nikamwambia, "kazi yote ile niliwapa bure, na kosa halikuwa lenu."

Hakuonyesha hasira. Akaniambia bati linapopita chini ya taa za ukaguzi, yeye na wenzake walikuwa wameona vipele vinakuja kwenye mstari mmoja. "Vya zinki hutapakaa. Hivi vilikuwa vinapita kama treni. Tulidhani umeshajua, maana ripoti ilikuja imesainiwa."

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Hukutuuliza."

Nilirudi juu kwa ngazi badala ya lifti.

Juzi kijana wa ukaguzi ameniletea kipande kingine. Doa jeusi, refu kidogo, kasoro tofauti kabisa. Kimekatwa vizuri, pembe zote mraba, ukubwa wa kiganja. Alikuwa na haraka, akaniuliza lini atapata majibu.

Nikamuuliza upande wa juu ni upi, na utepe ulikuwa ukienda wapi.

Akakitazama. Akakigeuza, akakigeuza tena.

"Ngoja," akasema, "koili yenyewe bado iko chini."

Nikachukua jiwe na mkanda, tukashuka wote.